Saa Kumi na Tatu Tangu Daku

1

Mwalimu Sufiani Dinya alikuwa akiniibia dakika arobaini kila siku. Niligundua Jumatatu, nilipofungua kumbukumbu za bawabu wake ili nijibu ombi lake.

Ombi lenyewe lilikuwa la mistari mitatu, kwa mwandiko wa mwalimu wa hesabu. Aliomba mstari wake ushushwe kidogo, kwa kuwa bawabu humlaza saa kumi alasiri na binti yake hurudi kutoka shuleni saa tisa na nusu. Hakuongeza neno la kusihi. Maombi ya namna hiyo huja kila mwezi, nami huyakataa kila mwezi kwa barua iliyokwisha andikwa, nikibadilisha jina tu. Nimekuwa mpimaji katika kituo hiki cha Kondoa kwa miaka kumi na tisa, na watu wananijua kuwa mwanamke asiyeyumba. Wengine wana jina kali zaidi kwa ajili yangu. Nalijua, na halinikoseshi usingizi.

Bawabu ni kidude cha ukubwa wa punje ya hindi, kinachopandikizwa chini ya mtulinga. Kazi yake ni kusoma nishati iliyomo ndani ya msuli wa moyo, pigo kwa pigo. Nishati ikishuka chini ya mstari, bawabu hufungua kichupa chake, dawa ikaingia kwenye damu, na ndani ya dakika mbili mwenye moyo analala fofofo. Moyo unapumzika, unajijaza upya, na baada ya saa mbili au tatu anaamka. Wagonjwa hujifunza kukaa chini upesi wakihisi ladha ya chuma mdomoni, maana hiyo ndiyo hodi ya bawabu.

Grafu ya Mwalimu ilitakiwa kuwa kama za wenzake: juu asubuhi, ikiteremka taratibu, ikigusa mstari saa kumi. Badala yake ilikuwa na nundu. Kila siku, saa tisa na dakika ishirini, nishati ilipanda ghafla, ikakaa juu kidogo, kisha ikashuka, naye akalala saa kumi na dakika arobaini. Nundu ilianza Ramadhani, wakati wa magharibi, na Idi ilipopita ikahamia alasiri. Moyo wenye maradhi yale haupandi kilima alasiri bila kusukumwa na kitu. Nikampigia simu aje.

Alikuja Jumanne asubuhi na fimbo yake na daftari la miraba.

"Shikamoo, Dada Zaituni."

"Marahaba, Mwalimu. Saa tisa na dakika ishirini unakula nini?"

Alicheka, akaketi, akalaza fimbo sakafuni. Ana miaka thelathini na mmoja. Alikuwa na kumi na miwili nilipoweka mstari kwenye bawabu wake, mtoto wa kwanza kabisa kupita mikononi mwangu. Mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa wamemzika kaka yake, Athumani, akiwa na ishirini na miwili, kwa ugonjwa uleule wa kunyauka misuli. Bawabu walichelewa kwa Athumani.

"Tende," akasema. "Tende saba."

Akafungua daftari. Ramadhani yeye hafungi, ana udhuru, lakini kwa adabu husubiri futari pamoja na nyumba yake. Aligundua kwamba akishafuturu hukaa macho hadi baada ya isha bila kuonja ladha ya chuma. "Nikasema, kumbe Ramadhani bawabu ana huruma. Halafu nikajiuliza anamhurumia nani, mimi ambaye sifungi?" Idi ilipopita akaanza kupima. Tende tatu, dakika kumi na tano. Tano, dakika ishirini na nane. Saba, arobaini. Tisa, arobaini vilevile, na kiungulia juu yake.

"Kwa hiyo unamhonga bawabu."

"Namhonga, ndiyo. Ukiniambia niache, nitaacha. Lakini naomba uniambie kwa nini inafanya kazi. Swali limeniuma kichwa tangu Idi."

Mwalimu akiuliza huwezi kumpa jibu la barua. Nikamweleza kwa lugha ya jikoni, ambayo ndiyo ninayoitumia kwa wote. Ndani ya seli ya moyo kuna kitu kiitwacho ATP, ndio ugali uliopo mezani, unaliwa kila pigo. Kando ya jiko kuna kibaba cha unga: kreatini fosfeti. Ugali ukipungua, unga unatumika papo hapo. Mitokondria ndizo mashine za kusaga. Ukigawanya unga kwa ugali, kwa mtu mwenye afya unapata karibu mbili. Kwa mtu kama yeye, protini iitwayo distrofini haipo, kwa hiyo kuta za seli zinachanika kila msuli unapojikaza, kalsiamu inavuja ndani, na nguvu ambazo zingesaga unga zinatumika kuitoa. Unga unapungua miaka mingi kabla moyo haujaonyesha udhaifu wowote. Ndiyo maana zamani mtoto alicheza, daktari akamsikiliza kifuani asisikie kitu, na miaka kumi baadaye akazikwa. Dawa za jeni zimemrudishia Mwalimu mapaja na mikono. Moyoni hazikufika vya kutosha.

"Na tende?"

"Moyo hupenda kuchoma mafuta. Mafuta yana nguvu nyingi lakini yanadai oksijeni nyingi. Ukiupa sukari, kwa pumzi ileile unapata unga zaidi, kwa muda. Ndiyo maana hatupimi moyo wa mtu aliyetoka kula. Ukimpima baada ya sukari, kipimo kitakuwa kikubwa kuliko..."

Mwalimu alisubiri, kama anavyosubiri mwanafunzi ubaoni.

"Kuliko?" akauliza.

"Kuliko ukweli," nikasema. "Acha tende kwanza, Mwalimu. Nipe siku chache."

2

Najua mstari ulikotoka kwa sababu niliuchora mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kazi niliyopewa ilikuwa kupima mioyo sitini yenye afya, kupata wastani, kisha robo tatu ya wastani huo ndiyo ingekuwa mstari wa bawabu. Shida ilikuwa watu. Hakuna aliyetaka kuingia kwenye mashine ya sumaku, ambayo mjini walikuwa wakiiita kaburi. Miezi minne sikupata hata mtu mmoja. Ramadhani ilipokaribia, mama yangu akasema neno moja: wafuturisheni. Mtu uliyemfuturisha hawezi kukukatalia jambo dogo.

Alisema kweli. Tukatandika majamvi uani mwa kituo, tukapika uji wa pilipili manga, tukaweka tende, viazi vitamu na tambi za sukari. Wakaja, wakala, wakataniana kwamba leo tunaingia kaburini na shibe. Kati ya magharibi na isha kulikuwa na nafasi ya kupima watu wawili. Wawili kila jioni, mwezi mzima, wakawa sitini. Jioni moja alikuja mmoja tu, nikajilaza mwenyewe. Mimi ni namba thelathini na saba.

Mwongozo ulisema mtu apimwe saa nne baada ya mlo. Saa nne baada ya futari ni karibu saa tano usiku, watu wameshatoka tarawehe na kurudi makwao. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku: saa ngapi tangu mlo wa mwisho? Niliandika kumi na tatu. Sitini zote, kumi na tatu. Sikuona kwamba nadanganya. Mlo wa mwisho ulikuwa daku. Futari kwetu ni kufungua kinywa, chakula chenyewe huja baada ya tarawehe, na hakuna mtu wa kwetu anayeshika bakuli la uji wa futari akakubali kwamba ameshakula. Waliozisoma fomu walikuwa mbali, hawafungi, wakaona kumi na tatu ni zaidi ya nne, wakafurahi.

Wastani ulikuwa mbili nukta kumi na tatu. Mstari ukawa moja nukta sita. Watu wakauita mstari wa Kondoa, nasi tukaona fahari. Jambo likishaandikwa kitabuni hakuna anayerudi jikoni kuuliza lilipikwaje. Hivyo moyo wenye afya, katika vitabu vya bawabu vya Afrika Mashariki nzima, ni moyo wa mtu wa Kondoa aliyetoka kunywa uji wa sukari.

Jumanne hiyo sikula tangu asubuhi. Saa nane mchana niliiamuru mashine ijiendeshe, nikalala ndani yake. Moja nukta tisini na mbili. Nikatoka, nikala tende saba na bakuli la uji, nikangoja nusu saa, nikarudi ndani. Mbili nukta kumi na moja. Moyo mmoja si ushahidi, na umri wangu si ule wa zamani, kwa hiyo Jumatano nikamwingiza mlinzi na wapishi wetu wawili, wakiwa na njaa kisha wakiwa wameshiba. Walinung'unika lakini waliingia. Wote watatu walipanda kama mimi.

Nikapiga hesabu. Wastani wa kweli ni kama moja nukta tisini na tatu, na mstari wa kweli ni moja nukta arobaini na tano. Tofauti ni ndogo ukiitazama kwenye karatasi. Mwilini ni saa mbili na dakika ishirini za usingizi wa ziada, kila siku, kwa kila mwenye bawabu.

3

Daktari Rweyongeza, mkurugenzi wetu, ni Mhaya wa Muleba, mtu wa sauti ndogo. Mezani ana kikopo cha buni za kutafuna, na ukimpelekea jambo zito hutia moja mdomoni kabla ya kujibu. Alhamisi asubuhi nilimpa karatasi zangu. Alitafuna tatu.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Saa mbili na dakika ishirini."

"Kwa wastani. Kwa Mwalimu Sufiani, kwa miaka kumi na tisa, ni mwaka mmoja na miezi kumi hivi. Usingizi ambao hakuuhitaji, kwa kanuni yetu wenyewe."

"Kanuni yetu." Alizipanga karatasi zikae sawa. "Bi Zaituni, robo tatu ya wastani, nani alisema robo tatu? Kuna mtu aliipenda namba hiyo, basi. Sasa tazama upande wa pili. Watu elfu kumi na moja wana bawabu. Tangu tuanze, wangapi wamekufa kwa moyo kabla ya miaka arobaini?"

"Hakuna."

"Hakuna. Kabla ya hapo tulikuwa tunawazika na ishirini na mitano. Huenda ni hizo saa mbili na dakika ishirini zilizowaweka hai. Huenda kosa lako ndilo dawa."

"Huenda. Na huenda hazikuwafanyia lolote."

"Ndiyo maana naomba miaka miwili. Tupime upya, kimya kimya, tujue. Ukiwaambia leo, kesho kila mmoja atataka mstari wake ushuke, na mwezi ujao mama mmoja atakuja hapa kuniuliza kwa nini mwanawe amekufa. Nitamjibu nini? Maji yakimwagika hayazoleki."

Hakuwa akijificha. Nimewaona wakubwa wanaojificha, na macho yao huwa kwingine. Huyu alikuwa akiwaogopea watu kweli. Na mimi niliposikia miaka miwili, nilifurahi. Naliandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Miaka miwili ni mingi. Katika miaka miwili kosa la mtu linaweza kugeuka kuwa matokeo ya utafiti.

"Na ombi la Mwalimu?"

"Likatae. Barua ya kawaida."

Nikaiandika ile barua: ombi limekataliwa kwa kuwa vipimo vya mgonjwa viko chini ya kiwango cha mtu mwenye afya. Nikatia sahihi.

4

Barua kama hizo hutumwa kwa simu. Hii niliichapisha nikaipeleka mwenyewe, nikijiambia ni heshima kwa mtu niliyemjua tangu mtoto. Nilifika kwao Bicha saa kumi na robo. Mkewe, Rukia, alikuwa barazani akipepeta alizeti.

"Karibu, Dada. Umekuja saa mbaya, keshalala. Tangu juzi anawahi. Saa kumi kamili."

Aliwahi kwa sababu nilimwambia aache tende. Hilo sikumwambia Rukia.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mwalimu alikuwa amelala chali kitandani, amefunikwa shuka hadi kifuani, na kwenye mkeka pembeni yake alikaa binti yao, Nasra, wa miaka saba, na sare ya shule na viatu miguuni. Alikuwa akizungumza. Alisema mwalimu wa sayansi kaleta kinyonga, na kinyonga kamkojolea monita. Alisema Mwanaisha hataki tena kukaa naye dawati moja, na hajui kamkosea nini. Halafu akasogea karibu na sikio la baba yake.

"Hesabu nimepata tatu kwa kumi," akasema. "Ile ya kutoa kwa kukopa mimi siielewi."

Nilipiga hodi kwa kidole. Akanitazama, akaniamkia, hakuinuka.

"Unajua hakusikii?" nikamwuliza.

"Najua."

"Sasa?"

Akafikiri. "Mama anasema akilala moyo wake unajaza unga. Mimi sitaki kumwamsha. Namwambia tu."

"Na akiwa macho humwambii?"

"Akiwa macho namwambia yale mazuri."

Nikarudi barazani. Rukia hakuwa ameacha kupepeta. "Kila siku hivyo," akasema. "Anadhani akina baba wote hulala saa hizo. Nikataka kumkataza, nikaona nitamkatazaje, na mimi mwenyewe ninayo yangu ninayomwambia akishalala." Akacheka kidogo. "Ulikuwa na ujumbe?"

"Nilipita kumsalimu tu," nikasema.

Nilitembea hadi kituoni na barua ndani ya mkoba. Niliona haya. Si neno ninalolitumia mara nyingi juu yangu. Mtoto yule alikuwa akichunga usingizi ambao niliuandika mimi, kwa kalamu ya wino, nikiwa na haraka ya kwenda kusali.

5

Ijumaa, wakati wa mapumziko ya saa nne, nilimkuta Mwalimu darasani peke yake akifuta ubao. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: futari, fomu, kumi na tatu, mstari, alichosema Daktari kuhusu miaka miwili. Nilimwambia pia kwamba huenda usingizi huo ndio uliomfikisha miaka thelathini na mmoja, na kwamba sina njia ya kujua.

Akachukua chaki, akaandika mbili na theluthi moja, mara mia tatu sitini na tano, mara kumi na tisa. Akafanya hesabu hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja, kama anavyowadai wanafunzi. Saa elfu kumi na sita, mia moja themanini na mbili. Akagawanya. Siku mia sita sabini na nne. Akalitazama jibu, kisha akalifuta lote, na chini ya ubao akapiga chaki mistari miwili mitupu.

"Nani alinichagulia?" akauliza.

"Hakuna aliyechagua. Nilikosea."

"Sawa. Ile miaka kumi na tisa hakuna aliyechagua." Alijipangusa chaki kwenye suruali, akaigusa ile mistari miwili. "Lakini hii miwili anayoitaka Daktari, hii imechaguliwa."

Kengele ililia. Watoto wakaanza kusukumana mlangoni.

"Sijakusamehe, Dada," akasema kwa sauti ya chini, bila hasira. "Nikikusamehe nitakwambia. Usiwe na wasiwasi, sitakuacha ukisubiri bure."

"Sikuja kuomba hilo."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia."

Nilirudi kituoni nikatoa fomu sitini kutoka kabatini. Zilikuwa bado na madoa ya uji. Kwenye kila moja nilikata kumi na tatu kwa mstari mmoja, ili isomeke bado, na pembeni nikaandika: nusu saa baada ya futari. Jina langu, tarehe ya leo. Namba thelathini na saba ilinichukua muda kuliko nyingine. Nikazipiga picha, nikaongeza vipimo vya wiki ile na maelezo ya mistari minne, ambayo ndani yake niliandika pia kwamba hatujui kama usingizi wa ziada umewadhuru au umewaokoa, na kwamba wenye mioyo waambiwe yote mawili. Nikatuma kwa kila kituo chenye bawabu. Adhana ya Ijumaa ilikuwa ikisomwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, husemwa juu ya wagonjwa. Sikuwahi kufikiri kwamba inawahusu na wapimaji.

Kisha nikaenda kumwambia Daktari Rweyongeza.

Hakufungua kikopo chake.

"Nitakuandikia barua ya kusimamishwa," akasema.

"Najua."

"Si kwa kukosea. Kwa kutonisubiri."

"Najua, Daktari."

6

Jumatatu Mwalimu alikuja mwenyewe ofisini kwa Daktari. Mstari wa mgonjwa hushushwa kwa sahihi mbili, ya mpimaji na ya daktari. Yangu ilikuwa tayari, kwa kuwa barua ya kusimamishwa ilikuwa ianze kazi Jumanne.

"Ukifa na arobaini badala ya hamsini?" Daktari alimwuliza. Hakumzungusha, na nilimheshimu kwa hilo.

"Kaka yangu alikufa na ishirini na miwili," akasema Mwalimu. "Naifahamu hesabu hii, Daktari, tangu nilipokuwa shule ya msingi. Siombi unihakikishie. Huwezi, na hata Dada hapa hawezi. Naomba swali liwe langu."

"Na mkeo?"

"Tumezungumza siku tatu. Alilia siku mbili. Ya tatu akaniuliza saa kumi na moja huwa natakaje chai, maana hajui. Miaka tisa ya ndoa."

Daktari alitia buni mdomoni, akaitafuna pole pole, akatia sahihi.

"Bi Zaituni," akasema bila kuinua uso, "leo utakaa kwenye skrini mpaka alale. Hakuna mwingine hapa anayeusoma moyo wa huyu."

Nilishusha mstari saa sita mchana. Moja nukta arobaini na tano. Hakusikia kitu, kama ilivyotakiwa. Tulimweka uani, kwenye kiti cha kuegemea, palepale tulipokuwa tukitandika majamvi, nami nikakaa dirishani na skrini mbele yangu. Saa tisa, moja nukta sabini. Saa tisa na nusu, moja nukta sitini na tano. Saa kumi kamili ikagusa moja nukta sita, na nilijikuta nimeshika ukingo wa meza. Mwalimu naye alikuwa ameshika mikono ya kiti, akingoja ladha ya chuma kwa mazoea. Haikuja. Alitazama jua lililokuwa ukutani, kisha saa yake, kisha tena ukuta.

Saa kumi na dakika hamsini Rukia aliingia getini na Nasra. Mtoto alikuwa ameambiwa, lakini kuambiwa na kuona ni vitu viwili. Alimwona baba yake ameketi, macho wazi, akimtazama, naye akasimama katikati ya ua na mkoba mgongoni.

"Njoo," akasema Mwalimu. "Nieleze. Shule ilikuwaje?"

"Nzuri."

"Nzuri vipi?"

"Nzuri tu."

Alichezea kamba ya mkoba. Rukia alifungua mdomo kumhimiza, akaufunga. Mwalimu alingoja. Kwenye skrini nambari ilishuka hadi moja nukta hamsini na sita. Furaha nayo ni kazi kwa moyo. Nilianza kuhesabu ni dakika ngapi zimebaki mpaka mstari mpya, na nikaona kwamba ni nyingi, na kwamba zinaweza kupita zote hivyohivyo, wawili hawa wakitazamana.

Nasra akasogea hatua mbili, akavua mkoba, akakaa chini kando ya kiti.

"Baba," akasema, "funga macho kwanza."

Mwalimu alinitazama dirishani. Kisha akaegemea, akaweka mikono kifuani kama anavyolala siku zote, akafumba macho.

Mtoto aliuchunguza uso wake kwa muda. Akapiga magoti, akaweka mdomo karibu na sikio lake, akaanza na ile hesabu ya kukopa. Sikusikia yote. Niliona tu midomo yake ikienda, na vidole vya Mwalimu vikijikunja polepole juu ya shati, na nambari ikishuka: hamsini na tano, hamsini na mbili. Kwa mstari wangu wa zamani angekuwa amelala saa nzima iliyopita. Alikuwa macho, kayafumba, na alisikiliza mpaka mwisho.